Nati ya Thelathini na Moja

Mama watoto,

Nimekwenda kununua mpira wa kupitishia dizeli. Tangi la trekta liko uani, nimelijaza siki tena ilainishe kutu iliyobaki. ~~Limwage saa sita.~~ Liache, nitalimwaga mwenyewe. Moto usisogee karibu.

Sasa, ya asubuhi. Nilitia nati thelathini humo tangini zikwangue kutu tukilitikisa, wewe ukahesabu thelathini na moja zikitoka. Nikakwambia hujui kuhesabu, ukaondoka umenuna. Basi nimezifuta moja moja. Ni thelathini na moja kweli! Hiyo ya ziada ina alama iliyochongwa kwa tupa, kama nati zote za baba yangu.

Nilipokuwa na miaka kumi alisafisha tangi hilihili kwa nati vilevile, moja ikapungua. Akasema nimeichezea nikaipoteza. Niliitafuta chini ya trekta mpaka magoti yakachubuka. Kumbe iligandia humo ndani! Na mpaka leo ananiita Mpoteza-nati mbele ya wageni.

Iko kwenye kisosi. ~~Mpe Mzee akiamka.~~ Usimpe, nataka kuona uso wake akiigeuza na kuiona alama.

Sijui kama ataniomba radhi. Mimi nakuomba wewe.

Baba watoto