Mama Hanywi Kikombe cha Watu

Jumamosi, Columbus. Tulidhani baridi imekwisha, kumbe theluji ilikuwa imekwenda kupumzika tu. Nimedeki sakafu mara mbili. Nimevaa koti, nimetoka hadi kituo cha basi hapa Linden, basi limekuja, nimeliacha lipite, nimerudi. Sina pa kwenda. Ninachokikimbia kiko kichwani.

Jumatatu wanataka jibu langu kule Buffalo.

Wiki iliyopita nilikwenda huko kuhojiwa. Kuna mpango wa kuwasaidia vijana wa watu wa asili kusomea udaktari, na baadaye waongoze hospitali, si kuogesha wagonjwa na kubadilisha mashuka tu kama nifanyavyo mimi sasa. Anayeusimamia ni daktari mmoja mama, naye ni wa watu waliokuwa kwenye nchi hii kabla ya meli yoyote kutia nanga. Aliniuliza kama kwetu Kivu kuna daktari wa watu wangu. Nikamwambia simjui hata mmoja.

"Basi njoo," akasema. "Lakini hapa hatujifichi. Kila mwanafunzi anasimama mbele ya wenzake na mbele ya kamera, anawataja watu wake."

Watu wangu ni Watwa.

Ona, nimeandika. Kanisani kwetu hapa hakuna anayejua. Mimi ni Riziki tu, binti wa Kivu anayeimba kwaya na kuwasomea kina mama barua za shule. Nyumbani watu husema Watwa ndio waliotangulia msituni, na papo hapo hawako tayari kunywa nao kikombe kimoja. Ndiyo maana Mama alikuja Amerika na kikombe chake cha bati. Anaishi Louisville, kule Highview, na bado hukitia mkobani kila anapoalikwa, ili asimtie mtu yeyote kwenye majaribu. Wanawake wa huko wanadhani anaogopa vijidudu. Wanamwita Mama Mikrobe, naye anacheka nao. Nafikiri analipenda jina hilo, maana linamsitiri.

Kinachoniuma zaidi ni kliniki. Mama ana presha. Kichwa kinamgonga, na siku nyingine anaona giza akiinuka. Mwezi uliopita alikubali kwenda, wakamtafutia mkalimani kwa simu. Mkalimani alikuwa mtu wa kwetu, akafurahi kusikia Kiswahili cha nyumbani, akauliza kabla ya yote, "Mama, uko wa kwa nani? Ku mulima gani?"

Hakuwa na ubaya. Ndivyo tulivyo, hatuanzi na ugonjwa, tunaanza na ukoo na mlima mtu alikotoka. Mama akajibu kwamba yeye ni mzima kabisa, akachukua mkoba wake, akarudi nyumbani na presha yake.

Nina hasira, na sijui nimtupie nani. Namkasirikia mkalimani, namsamehe, namkasirikia Mama, namhurumia. Nikijitaja mimi nimemtaja na yeye, kwa sababu kwetu habari hufika Louisville kabla mwenyewe hajafunga mdomo. Nikinyamaza, nafasi inakwenda, na Mama ataendelea kuwaambia madaktari kwamba ni mzima.

Mchana nimempigia. Nimesema yote bila kuvuta pumzi.

"Donc unataka batu ba kanisa bajue?" ameuliza, kwa Kiswahili chetu cha Kivu chenye Kifaransa ndani.

"Ndiyo, Mama. Na minataka urudi ku kliniki."

Nimesikia akisogeza vyombo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Akauliza jambo jingine kabisa.

"Kule Buffalo, balikupatia chai?"

"Balinipatia."

"Mu kikombe ya nani?"

"Ya kwabo, Mama."

"Kisha baliifanya nini?"

Ilibidi nikumbuke. Nilimwona tena akilini yule daktari amekunja mikono ya sweta kwenye sinki dogo la ofisini, bado ananihadithia habari za bibi yake. "Aliiosha pamoja na yake," nikamwambia. "Akazipanga pamoja."

Nimesikia Mama akitua kikombe chake cha bati.

"Bon," akasema. "Sema. Bajue."

"Na kliniki?"

"Nitaenda. Lakini mkalimani akuwe weye."

Nimelia, sifichi. Halafu nimevaa koti tena, nimezunguka mtaa mzima kwenye theluji, na wasiwasi haujanitoka. Kesho ni Jumapili. Huenda watanisalimu kwa mikono miwili kama kawaida, huenda watanitazama tu. Naogopa zaidi wale watakaotabasamu kisha wasinialike tena.

Kama unayasoma haya, ujue nimeshayachapisha mtandaoni. Mimi ni Riziki, Mtwa wa Kivu, na nakwenda kusomea udaktari. Siku nikija kwako na Mama, tupe chai kwenye vikombe vyako.