Sukari Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Leo ilikuwa zamu ya biskuti. Mume wangu kaleta mizani ya buchani kwake mpaka mezani — ile ndogo, ya maini — kapima zilizobaki, kisha akawasomea dada zake maandishi ya nyuma ya pakiti. Sehemu moja ni biskuti tatu. Mke wake kala sehemu nne! Wifi mkubwa alicheka mpaka chai ikamwagika. "Ungekuwa ng'ombe," akaniambia bwana, "ningeshakuchinja." Nikacheka na mimi. Nifanyeje? Mwaka wa kumi na tisa huu, nacheka.

Jumatano, 5 Machi

Hospitali. Ini la bwana limeharibika. Daktari anataka aache pombe kabisa. Mwanaume mzima akabembeleza kama mtoto anayeachishwa ziwa, mpaka daktari akachoka: basi, glasi moja ya bia kwa siku, isizidi. Tulipotoka, muuguzi akatufafanulia kwamba hiyo ni bia tu. Ikiwa pombe kali, mwisho vifuniko vitatu vya chupa. Bwana alikuwa anasoma bango la lishe ukutani. Niliyesikia ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku tatu tu na bia imeshamtia hofu ya kitambi. Kaja na chupa kubwa ya pombe kali. Kanisomea lebo: sukari sifuri, mafuta sifuri. Eti hiki ndicho kinywaji cha mtu mwenye akili.

Mstari wa chini hakuusoma. Asilimia arobaini. Bia yake ilikuwa tano.

Kachukua glasi ileile ya bia, kajaza mpaka ukingoni. Halafu akaniuliza — kweli aliniuliza!

"Daktari si alisema glasi moja?"

"Ndiyo. Glasi moja."

Jumapili, 9 Machi

Nimepiga hesabu. Glasi yake moja ni glasi nane za bia. Nane! Nimeosha vyombo, yake nimeisugua vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Macho yake yamekuwa ya manjano. Mchana kanipimia wali, karudisha nusu sufuriani. Mkono unamtetemeka, namba za mizani hazitulii, akasema mimi ndiye natikisa meza. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Nilimwonea huruma, siwezi kukataa. Nikataka kumwambia. Mdomo ulishafunguka. Ndipo akasema, gunia, mbona unanikodolea macho? Nikaufunga.

Jumatano, 19 Machi

Wifi mkubwa kanijia juu. Kaka yake anakwisha, mimi nampa nini? Nikamwambia amuulize mwenyewe. Bwana akajibu kwa maringo: glasi moja kwa siku, yeye si mlafi kama watu fulani, anajua kipimo. Mbavu ziliniuma kwa kicheko nilichokizuia.

Wanasema majuto ni mjukuu. Basi wangu bado hajazaliwa.

Jumatatu, 24 Machi

Katapika damu asubuhi, bafuni. Beseni zima. Nilipiga simu haraka — sijui kwa nini haraka. Amelazwa.

Muuguzi ni yuleyule. Kauliza anakunywa kiasi gani. Wifi akadakia: glasi moja tu, kama mlivyomwambia. Muuguzi akanitazama mimi, si wifi. Glasi ya nini? Nikasema sijui majina ya pombe. Akaniagiza kesho nije na chupa yenyewe, daktari aione, bila hivyo wanatibu kwa kubahatisha.

Nimeshindwa kula. Hakuna wa kunipimia, na bado nimeshindwa.

Jumanne, 25 Machi

Naandika hapa kwenye benchi la wodini. Bwana kaamka. Kanishika mkono — sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Midomo imemkauka. Kasema madaktari wanamwona mwongo.

"Waambie, mama. Wewe ulikuwepo. Waambie sijawahi kuzidisha hata tone."

Nikasema nitawaambia. Akanivuta karibu, akanong'ona kwamba glasi ya jana hakunywa, wala ya leo, na mwili unamdai. Je, nimemletea?

Nimeileta. Ni chupa ya tano tangu aanze, imebaki nusu, iko ndani ya begi chini ya shuka zake, pamoja na glasi. Wifi kaenda kutafuta maji ya kunywa. Muuguzi kasimama mwisho wa korido, kaninyooshea mkono, anauliza kama chupa imekuja. Na bwana ananiita kitandani, kwa upole kabisa.