Kizibao cha Gervas

Masasi, 1906

Kwa kaka yangu Shamte, Lindi.

Shikamoo yako nimeizuia mpaka nimalize. Mkeo ni mzima. Mihogo imeoza shambani.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ulileta vitambaa vyekundu na vya manjano kutoka pwani, mimi nikashona vizibao vya mieleka. Vijana wa Newala wakavivaa, uwanja ukang'aa. Tukajiita kampuni, tukacheka!

Vita vilipokuja ukawauzia vizibao hivyo hivyo, ukiapa umevichovya kwenye maji ya dawa, risasi ya Mdachi haipenyi. Maji gani, Shamte? Ile ni ndoo yangu ya kufulia, nilikuwa navisuuza vimalize kuchuja rangi! Wao wakazifuata bunduki. Wewe ukakimbilia Lindi.

Jana Mama Gervas alishuka kwa miguu kutoka Newala na kizibao cha mwanawe, yule aliyekuwa akiwaangusha wote. Hakulia. Aliniambia, "Baba Somoe, nizibie tundu hili la kifuani, mdogo wake avae."

Mdogo wake nimempa kipya. Hiki nakutumia wewe, na tundu sikuliziba. Kivae, upite nacho mlangoni kwa mama huyo. Ndipo nitakuamkia.

Mdogo wako,
Rajabu, fundi