Mikate Ikiisha, Tunafunga

Mshauri wetu wa redio, shikamoo, nakuomba barua hii uisome Alhamisi hii hii maana Jumamosi mambo yatakuwa yameshaharibika. Mimi na mume wangu tuna duka la mikate, tunaoka wenyewe chumba cha nyuma, unga tunaukanda jioni na kuuacha uumuke taratibu hadi alfajiri, na mikate ikiisha tunafunga, hata iwe saa tano asubuhi, wateja wanatania kwamba Mama Mkate ana saa za benki. Tunakula, kodi tunalipa, mchana tunalala, jioni yeye anamfundisha binti yetu hesabu. Sasa kaka wa mume wangu, mwenye malori, alikuja akatucheka kwamba tunachezea biashara, na tangu hapo mume wangu hashikiki, kamtafuta meneja wa duka kubwa anayetaka mikate ya matawi yake yote, usiku na mchana, hamira iongezwe iumuke upesi, na Jumamosi anakuja kuonja ndipo watie saini mkataba. Mume wangu ameshaanza kujizoeza, juzi alisinzia wima mbele ya oveni, mkono ukagusa trei, una malengelenge hadi kwenye kiwiko, nikamwambia, mume wangu, tupumzike, akanijibu, "Unataka tufe maskini kwa sababu unapenda usingizi?" Nililia, mshauri. Nampenda na ninaogopa. Nimepanga Ijumaa akigeuka nizidishe chumvi kwenye unga wa kuonjwa, meneja ateme aende zake. Je, nitakuwa nimekosea?

Mama Mkate

Marahaba, Mama Mkate. Weka hiyo chumvi chini.

Pole sana. Neno la usingizi ni baya na mumeo ana deni la kukuomba radhi. Lakini wewe nawe umenikasirisha. Mtu wako humjui? Meneja akitema, unadhani atasema basi, tulale? Atajilaumu, atakanda mwingine usiku huo huo na kidonda chake, ili kaka yake asimcheke tena. Na siku akijua ni wewe, hata maji yako atayanusa kwanza.

Mumeo ameaibishwa na kaka yake, na wewe unamhubiria kupumzika. Leo mkifunga duka, mpake dawa huo mkono mwenyewe, umwambie, "Duka letu halijadumaa. Linatutosha, na umelijenga wewe." Halafu muulize nani atasimama kwenye oveni usiku, na nani atakaa na mtoto. Swali hilo mwachie, usimshindilie.

Jumamosi meneja aonje mkate wenu mzuri kabisa, aambiwe mnaweza tawi moja, asubuhi tu, hamira ile ile. Akikataa, mumuage vizuri mrudi kuhudumia wateja.

Na mumeo akishikilia kutia saini? Mwambie usoni kwamba yako haimo kwenye mkataba huo, na usiku hukandi. Huenda akakasirika siku kadhaa. Lakini atakuwa amemkasirikia mke aliyemwambia ukweli, na hasira ya namna hiyo huisha.