Taa Imeungua

4 Februari

Mdogo wangu kitinda mimba,

Hamjambo wewe na mwenzio? Sisi huku Mungu ametusitiri, wote wazima. Goti la Baba linamsumbua asubuhi tu. Likipata jua linasahau.

Picha ya harusi yenu imefika. Nimeibusu, msinicheke. Mkeo ana uso wa mtu asiyejua kununa. Baba aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuzageuza, kisha akasema, "Aliyepiga hii si fundi. Bibi harusi kama karatasi, mwanangu kama shimo ukutani." Akaitia kwenye droo.

Nilitamani aiweke dirishani. Unalijua dirisha la studio yetu: Mama, Mungu amrehemu, yupo pale na gauni lake la harusi. Mimi na shemeji yako tupo, shingo zimekakamaa kama za askari wa gwaride. Sote tumesimama mbele ya lile pazia lililochorwa ngazi. Umebaki wewe tu. Unakumbuka tulivyoshika shuka jeupe ili mwanga urudi kwenye nyuso za wateja, nawe unasinzia wima? "Shuka juu!" Baba anafoka, na bibi harusi wa watu anaruka!

Mpe muda.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Afya tunayo, ila moyoni sijatulia.

Usijifiche nyuma ya habari za fundi. Unamkumbuka yule dereva wa gari la mikate, aliyekuja na mchumba wake mzungu? Kapiga viatu rangi mpaka unajiona ndani. Baba akawaambia, "Poleni, taa imeungua." Walipotoka, mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuizima hiyo taa, Dada. Iliniunguza kidole.

Mke wangu kila mara ananiuliza kwa nini baba mkwe hamtumii hata salamu. Namjibu kwamba Baba si mtu wa kuandika. Sasa ana mimba. Sitampandisha mwanangu ndege aje kuambiwa taa imeungua.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama kijacho anaendeleaje? Anakula? Miguu haimvimbi?

Nimekawia. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena, nikakaa nayo kwenye sala. Jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo nusu.

Mtaa wetu ukija hutaujua. Pale kwa fundi viatu imehamia familia ya kizungu. Binti wa muuza vitambaa ameolewa na mhandisi Mchina. Jioni barabarani kuna watoto wa kila rangi, na wote wanatukanana kwa lugha moja.

Mwezi uliopita shule ilimwita Baba kupiga picha ya darasa. Zamani darasa zima lilikuwa rangi moja, anapima mwanga mara moja, basi. Safari hii nusu ya watoto walitoka wamefutika. Mama mmoja akaja nayo kaunta: "Mzee, hebu nionyeshe mwanangu yuko wapi hapa." Palionekana meno tu. Siku ile Baba hakugusa chakula.

Basi juzi naingia studio na chai, nakuta kwenye kiti cha mabibi harusi kaweka yai jeupe na ile pasi yetu nyeusi ya mkaa, bega kwa bega mbele ya ngazi. Anavipiga picha!

"Baba, hawa wanaoana lini?"

"Toka kwenye mwanga wangu."

"Si ungetafuta watu?"

"Yai halinuni."

Akasogeza pasi karibu na dirisha, yai akalirudisha kivulini. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Yule dereva wa mikate bado yupo mjini?" Nikamwambia alihama zamani. Akawa anahangaika na shuka peke yake, linamponyoka, mpaka nikamshikia.

Picha yenu imetoka kwenye droo. Haijafika dirishani, iko mezani kwake, miwani juu yake.

Njooni.

Dada yako

3 Septemba

Dada,

Shikamoo. Hongera, shangazi mpya ni wewe! Tumepata binti, mama na mtoto salama. Rangi yake bado haijakata shauri, na kila anayemwona anatoa utabiri wake.

Nilimsimulia mke wangu habari ya yai na pasi. Alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Kisha akauliza, "Kumbe muda wote huu alikuwa anajifunza kuniona?"

Kidole changu bado kinaikumbuka ile taa. Lakini Desemba tunakuja. Gauni lake la harusi analibeba. Linambana siku hizi, mtu asimtajie.

Mdogo wako

28 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mlifika salama? Mtoto hajapata mafua ya safari? Nyumba imepoa tangu muondoke. Shuka jeupe sijalifua, lina harufu ya poda yake.

Nikiikumbuka siku ile nacheka peke yangu. Wewe karibu na dirisha, mkeo kivulini amempakata mtoto, mimi na shuka langu, mikono imekufa ganzi. Baba akafoka, "Shuka juu!" Na mkeo, maskini, akasikia "juu" tu, akadhani anaambiwa yeye, akamwinua mtoto juu kabisa! Kati ya zote alizopiga, ndiyo hiyo aliyoitundika dirishani, kando ya Mama. Wote mmepasuka kwa kicheko, na hakuna aliyefutika. Kwenye shavu lako mpaka alama ya tetekuwanga inaonekana.

Jana jioni walikuja wawili, kijana muuguzi na mchumba wake, mmoja mzungu, mwingine mweusi kuliko wewe. Walisimama sana nje wakiwatazama ninyi dirishani kabla ya kuthubutu kuingia. Kijana akauliza kwa woga, "Mzee, na sisi unaweza kutupiga?"

Baba alikuwa ameshavua miwani, tunafunga. Nikamtazama mdomo. Nilivyoomba pale, Mungu ndiye anajua.

Akavaa miwani tena.

"Washa taa," akaniambia.

Nikaziwasha zote.

Dada yako