Spika Zisizotoa Sauti ya Kwanza

Jumamosi, 8 Machi 2025

Nimenunua spika za kompyuta. Mbezi Mwisho, karibu na stendi, kibandani kwa Mfaume. Mbili ndogo, nyeusi, kitufe cha kuongeza sauti kiko kwenye ile ya kulia. Elfu kumi na nane baada ya kubembelezana sana. Kazijaribu mbele yangu kama wanavyofanya wote – kaweka singeli! Kibanda kizima kikatikisika. Nikamwambia mie sifundishi singeli, nafundisha kwaya. Akacheka. Eti mama, spika haichagui dini.

Kwaresima imeshaanza. Kigangoni kwetu kinanda kinafunikwa kitambaa cha zambarau mpaka mkesha wa Pasaka, tunaimba kavu. Ndiyo maana nazihitaji. Nyimbo naziandika kwenye kompyuta aliyoniachia mwanangu Adelard alipohamia Dodoma, nayo inazipiga, kila sauti peke yake. Wanakwaya wanakuja hapa nyumbani Goba, wanasikiliza, wanarekodi kwenye simu, wanaenda kujifunza. Spika za zamani ziliingia maji wakati wa mvua. Hizi zikifaa, mkesha wetu umepona.

Jumapili, 9 Machi

Hazifai.

Nimezisikiliza baada ya misa. Besi ipo, tena nzito. Sauti ya tatu ipo. Ya pili hivi hivi. Sauti ya kwanza, ile ya juu ya akina mama, inaanza vizuri halafu ikipanda inayeyuka. Kwenye Zaburi ya mkesha, pale inapofika juu kabisa, kimya. Kimya! Na hapo ndipo Monica wa sauti ya kwanza anatakiwa kuimba peke yake mbele ya waumini wote.

Nimeongeza sauti mpaka mwisho. Baba Adelard akatoka chumbani kashika masikio: kelele gani hizi, nataka kumuua? Nikamwambia hajui muziki. Na kweli hajui. Miaka yote ya ndoa sijamsikia akiimba hata Amina ikakaa sawa.

Jumanne, 11 Machi

Nimezirudisha. Ukutani kaandika kwa rangi nyekundu kwamba mali ikishauzwa hairudi, lakini Mfaume alizipokea. Kafunga, midomo imemkauka, hata sauti hakunipandishia. Nikampa flashi yangu, tukaisikiliza Zaburi pale pale, nje mabasi ya mikoani yanapiga honi. Akasema mbona anasikia. Nikamuuliza anajuaje anachotakiwa kusikia?

"Mama'angu, nimefunga. Nitakudanganyaje?"

Hata mie nimefunga, nikamjibu, tena siku arobaini.

Kanibadilishia. Jozi nyingine, jina lingine kwenye boksi. Nimerudi nyumbani najiona mshindi.

Jumatano, 12 Machi

Jozi ya pili – vile vile! Takataka. Nitaandika bango nilibandike stendi.

Alhamisi, 20 Machi

Mazoezi mabaya kuliko yote ya mwaka huu.

Bila kinanda uvivu wote unaonekana. Sauti ya kwanza wamelala. Siku hizi watu hawafungui midomo, na si kwaya tu. Dukani, benki, hata Padre mimbarini, wote wananong'ona, sijui wanamwogopa nani. Nimemsimamisha Monica aimbe Zaburi peke yake. Huko chini kaimba vizuri sana, nilifurahi. Kufika juu – mdomo uko wazi, mishipa ya shingo imesimama, sauti hakuna.

Nikamkatiza. Nikamwambia mbele ya wote: hapa hatufanyi maigizo, unapiga miayo. Wakatazamana. Hakuna aliyecheka, na kwa kawaida wanacheka. Monica akasema taratibu kwamba ameimba, Mwalimu. Nikasema masikio haya yanaongoza kwaya mwaka wa ishirini na moja, yanajua nani anaimba na nani anatafuna hewa. Nimempokonya Zaburi, nimempa Jovina.

Monica alikunja karatasi yake, akaenda kukaa benchi la nyuma. Nyimbo zilizobaki akaimba na wenzake mpaka mwisho. Hakulia wala hakununa. Hilo lilinikera zaidi.

Na Jovina naye juu hafiki! Sasa nimpe nani?

Jumamosi, 22 Machi

Erasmus, msaidizi wangu, kaja na spika zake. Hizo ni za bei mbaya, shemeji yake kamletea kutoka Dubai. Za mbao, nzito, kazibeba kama anabeba mtoto mchanga. Nilimwomba azilete ili Baba Adelard asikie tofauti, aache kusema nasumbua wafanyabiashara.

Tukazipanga mezani. Zake kushoto, zangu kulia, Zaburi ile ile. Nikafumba macho. Zake: besi safi, haigombani na meza. Nakubali. Ya tatu safi. Ya pili safi kuliko zangu, unaisikia kila noti ilipokaa. Ya kwanza inapanda, inapanda – imeyeyuka. Pale pale. Kwenye silabi ile ile.

Nikamwambia hata zako mbovu.

Kijana ana adabu, wazazi wake ni wa Kamachumu kama mie. Akachomoa zake, akachomeka zangu, akarudia kipande cha juu peke yake. Halafu akasema, "Mwalimu, zote zinatoa. Hizi zako zinakwaruza kidogo huko juu, ila zinatoa."

Nikajikuta namtazama mdomo. Nikakumbuka kwamba namtazama mdomo kila akiongea. Na Padre. Na yule binti wa benki. Tangu lini?

Erasmus kanywa chai, kaaga, kaondoka na spika zake. Sikumsindikiza.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kuongoza. Nimesema naumwa tumbo. Naogopa. Naliandika tena ili nilizoee: naogopa.

Jumanne, 25 Machi

Nimejipa mtihani. Mie ni mwalimu, kutunga mtihani najua. Noti moja moja kuanzia chini, kupitia spika hizo hizo za Mfaume. Baba Adelard anyanyue kidole akisikia, na mie changu. Akadhani ni mchezo, akakaa na kikoi chake anatabasamu.

Tulikwenda pamoja muda mrefu. Halafu changu kikabaki mezani. Chake kinanyanyuka. Tena. Tena. Mtu asiyeweza kuimba Amina! Alipokitazama kidole changu, tabasamu likafutika. Akazima kompyuta, akasema, "Mama Adelard, twende hospitali." Nikasema baada ya Pasaka. Akasema Pasaka ipo kila mwaka. Nikalia. Akanishika mabega mpaka nikatulia.

Mwalimu wa kwaya asiyesikia sauti ya kwanza ni mwalimu wa nini? Nikiwaambia, kwaya si yangu tena. Watanipa khanga na kadi na hotuba. Nyumba hii Adelard kaondoka, kazi nimestaafu, nina kwaya basi. Siwezi kuiacha. Sitaki!

Lakini kinachoniamsha ni Monica. Nimemwambia mtu anapiga miayo, kumbe alikuwa anaimba Zaburi kwa nguvu zake zote, na kila mtu mle ndani alimsikia isipokuwa mie.

Alhamisi, 27 Machi

Nimempigia Mfaume. Nimemwambia spika zake ni nzuri. Kwa bei ile, nzuri sana: besi haipasuki, waya mfupi kidogo, huko juu zinakwaruza lakini zinatoa. Akadhani namzunguka nipate punguzo la kitu kingine. Nikarudia. Akasema basi mama, Idi njoo ule pilau. Nikaitikia. Lile la huko juu nimelisema kama nimelisikia mwenyewe, na si kweli. Nimeambiwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Kwaya hawajui. Erasmus, kama kagundua, hajasema, naona jinsi wanavyoendelea kunitii. Jana nilimtumia Monica ujumbe aje asubuhi, peke yake. Sikulala vizuri nikipanga maneno. Nimwombe radhi kwanza, halafu nimrudishie Zaburi, halafu nimweleze. Kwa mpangilio huo.

Kaja na mkungu mdogo wa ndizi kichwani. Shikamoo Mwalimu, na goti likashuka. Kabla sijafungua mdomo, yeye akaanza! Eti ananiomba radhi. Eti alirudi nyumbani siku ile akajitafakari, akaona kweli anaimba kwa koo, pumzi hajui kuitumia. Kila alfajiri anaamka kabla ya wanae, anafanya mazoezi huko nyuma ya nyumba na mto mdomoni asiwaamshe. Sasa anahisi sauti ya juu kaipata. Naomba nikuimbie, Mwalimu, kasema.

Ningemkatiza. Maneno yangu yalikuwa tayari. Badala yake nikaitikia kwa kichwa – kichwa hiki!

Kasimama pale mezani, karibu na spika. Kaimba. Huko chini, Mungu wangu, pazuri. Kapanda. Nikaegemea mbele, nikashika pumzi pamoja naye. Ikayeyuka. Mdomo uko wazi, macho kafumba, machozi yanamtoka, na ndani ya chumba changu hakuna kitu, ni feni tu inazunguka. Halafu ikarudi, ikashuka, ikaisha.

Kafungua macho. "Mwalimu, leo nimefika?"

Nimemwambia asubiri, kuna kitu nakiandika kwanza. Ndicho hiki. Anadhani naandika maksi. Kakaa kwenye ncha ya kiti, mikono magotini. Baba Adelard yuko mlangoni na chupa ya chai, ananitazama mie, haingii. Nikisema ndiyo, nasema nisichokijua. Nikisema yote, mkesha huu simami mbele yao.

Monica kaona nachelewa. Anasema nisimwonee huruma, nimwambie tu kama haijafika, atarudia. Yeye, anasema, anayaamini masikio yangu kuliko yake.