Baba, Lameki Amelichukua Jengo

Shikamoo Baba,

Nakuamkia kwa sababu ulinifunza adabu, si kwa sababu hasira imeniisha.

Lameki amelichukua jengo lako la ghorofa. Yule yule rafiki yako aliyebeba jeneza lako Makutupora, akalia kuliko Mama, akatuambia, "Msiwe na wasiwasi, huyu alikuwa ndugu yangu." Matanga yalipokwisha tu, alituita ofisini kwake mjini.

Mwanasheria wake ndiye aliyenieleza ulichosaini. Benki ilipogoma kukuongezea mkopo, jengo likiwa halijaezekwa, Lameki aliziba pengo kwa kukukopesha fedha yake. Mkakubaliana benki ilipwe kwanza, yeye afuate, kwa riba kubwa zaidi. Na malipo yakikwama, deni lake ligeuke hisa katika kampuni yako inayomiliki jengo. Yamekwama. Sasa sehemu kubwa ya kampuni hiyo ni yake, kihalali kabisa. Sina hata pa kumshtaki.

Na mimi niliyesimamia mafundi wako, nikala vumbi pamoja nawe, tukatafuna karanga juu ya mifuko ya saruji! Nilipokuuliza fedha ya kumalizia imetoka wapi, ulicheka. "Ya rafiki. Wewe simamia plasta." Plasta, Baba!

Mama alipewa notisi ahame makazi yenu ya ghorofa ya chini. Hakubishana. Alikunja mapazia yake, akamtazama Lameki, akasema, "Ulikula ugali wangu wa uwele." Yule bwana akainamia simu yake.

Kisha akataka hisa chache tulizobaki nazo, apate kuliuza jengo lote. Bei ilikuwa nzuri, sikufichi. Nilimwambia, "Siuzi." Akafoka, "Una kichwa kigumu kama baba yako!" Kwa mara ya kwanza tangu ufe, nilijivunia kuwa mwanao. Halafu nikakukasirikia upya, maana ungekuwepo ungemjibu mwenyewe.

Mnunuzi wake hataki kuwa na mbia asiyetaka kuuza, kwa hiyo biashara imesimama. Sasa Lameki ananipigia simu na kuniita "mwanangu." Sipokei. Mama nimempangia chumba karibu na kwangu. Anakohoa, lakini anakula.

Kwaheri, Baba. Ninaahidi Mama hatakosa pa kulala, na Lameki hatauza nikiwa hai. Kukusamehe sijaahidi. Jumapili nitakuja kupalilia kaburi lako. Tutaanzia hapo.

Mwanao,
Neema